Naomba kituo changu kikaguliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme jambo lililonikaa rohoni kwa miaka mitatu sasa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilishika chaki miaka 34, kwanza Kilosa, kisha Morogoro mjini, na mwisho hapa Dar es Salaam. Tangu nistaafu ninalea watoto wa watu nyumbani kwangu Segerea, kuanzia wanapotoka shule mpaka wazazi wao watoke kazini. Leo wapo 34. Mdogo kabisa ana miaka sita, mkubwa ana kumi na miwili. Wananiita Bibi Mwalimu.

Ninachoomba kupitia gazeti lako ni kukaguliwa. Nikaguliwe mimi, na kila anayefanya kazi hii ninayoifanya, na anayestahili apewe ithibati, yaani uthibitisho rasmi wa ubora, ambayo mzazi anaweza kuisoma ukutani kabla hajaniachia mtoto wake.

Wageni wa serikali hawajanikosa. Afisa wa leseni ya biashara alipekua makundi yake yote, akakosa mahali pa kuniweka, akaandika "twisheni" ingawa nilimweleza kwamba sifundishi twisheni. Bwana afya alikuja akaangalia choo, akafunua sufuria, akataka karatasi ya mpishi wangu kupimwa. Alikuwa mkali, na ukali wake ulinisaidia: ndoo ya maji ya kunawa ilikuwa ndani ya choo, akaniamuru niitoe nje na niiwekee bomba, na tangu siku hiyo kuharisha kumepungua kabisa. Wa kodi walikuja. Wa taka wanakuja kila mwezi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nani anakaa na watoto hawa. Anayekoroga uji ana cheti. Kijana anayewasimamia uwanjani saa mbili nzima kila siku, anayewavusha barabara, anayempeleka mdogo chooni akibanwa, angeweza kuwa mtu yeyote yule.

Wasomaji wa mjini wanaijua hali ilivyo. Mama ni muuguzi, zamu yake inaisha jioni. Baba anauza vitenge Kariakoo, akifunga duka saa kumi na mbili atafika Segerea saa mbili usiku kama foleni ya Tabata imemhurumia. Mtoto wa darasa la pili anatoka shule saa sita, na kama shule yake inasoma kwa zamu mbili, asubuhi yote iliyobaki au mchana wote uliobaki hauna mwenyewe. Zamani alikuwepo bibi, au shangazi, au jirani ambaye angempa mtoto yeyote chakula bila kuuliza ni wa nani. Leo nyumba ya jirani ina geti lililofungwa kwa ndani, na bibi yuko Kilosa. Kwa hiyo vituo vimeota. Katika eneo langu ninaweza kuvifikia saba kwa miguu. Kimoja kipo nyuma ya saluni. Kingine kiko ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ngazi zake hazina reli. Vingine ni vizuri kuliko changu, na nimejifunza mengi kwa wenye vituo hivyo.

Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilipozuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, nilifurahi, maana nimeona watoto wa miaka mitano wakijifulia soksi. Lakini katika muhula ule ule nilipokea watoto sita wapya waliotolewa bweni. Wazazi wao walikuwa wamepeleka watoto bweni kwa sababu hakuna mtu nyumbani mchana. Sababu hiyo haikuondoka na waraka.

Sasa tazama sheria zetu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilifuta ile ya mwaka 1981 ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana na kuibeba kazi yake: kituo cha watoto wadogo kinatakiwa kusajiliwa, na afisa ustawi wa jamii anakikagua. Programu ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali, MMMAM, iliyozinduliwa Desemba 2021, inamshika mtoto mkono tangu kuzaliwa mpaka miaka minane. Shuleni yupo mthibiti ubora, yule tuliyemzoea kwa jina la mkaguzi. Mtoto wa miaka tisa akishatoka getini mwa shule saa nane mchana, hayupo mikononi mwa huyu wala yule. Na sheria hiyo hiyo ya 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18.

Nilikwenda ofisi ya ustawi wa jamii kuuliza nisajiliwe wapi. Nikaambiwa kwa heshima tu, "Mwalimu, hao wako ni wanafunzi, nenda idara ya elimu." Idara ya elimu wakanikalisha, wakanisikiliza, wakaniambia kituo changu si shule, nirudi ustawi. Nilizunguka hivyo mara tatu. Siwalaumu wale vijana. Walikuwa wanasoma fomu zilizopo mezani, na fomu yangu haikuwepo.

Labda kuna anayeona kwamba hizi ni karatasi tu. Nitaeleza kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa Alhamisi, mvua za masika, saa kumi na mbili kasoro jioni. Alikuja kijana nadhifu mwenye koti la mvua. Akaniamkia shikamoo, akamtaja mtoto kwa jina lake la nyumbani, lile ambalo darasani hakuna anayelijua. Akasema yeye ni baba mdogo, kaka kamtuma, foleni imemkamata. Mtoto alipomwona alimkimbilia. Nikamvalisha begi, nikamfunga kamba za viatu, nikawaambia nendeni salama.

Saa moja na robo mama yake akafika. Alisimama barazani mwavuli ukimchuruzika, akaangalia viatu vilivyobaki mlangoni. Vilikuwa viatu vya watoto wanne. Akaviangalia tena, kimoja kimoja, kama anayehesabu. Kisha akaniangalia mimi.

Sikujua kwamba yeye na mumewe walikuwa wametengana tangu mwezi uliopita na kwamba shauri la mtoto lilikuwa ustawi wa jamii. Hakuniambia, nami sikuwa nimemuuliza. Fomu yangu ya kumpokea mtoto ilikuwa na mistari mitatu: jina, darasa, namba ya simu. Yule mama hakunitukana. Alikaa chini kwenye ngazi na maji yake, akaanza kupiga simu moja baada ya nyingine, na mimi nikakaa pembeni yake nimeshika taulo ambalo hakulipokea. Mtoto alipatikana kesho yake mchana Chalinze, kwa bibi yake mzaa baba, mzima, amekula, hajui kwamba kuna lolote. Baada ya wiki mbili mama yake alimrudisha kwangu. Ningekuwa mimi, sijui kama ningeweza.

Tangu hapo lipo kaunta buku la jalada gumu, limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ya barazani ili lisiondoke. Kila mtoto ana mstari wake wa siku: saa aliyofika, nani kamleta, saa aliyoondoka, nani kamchukua, sahihi. Kila mzazi ameleta majina na picha za watu watatu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Akija wa nne, hata akiwa askofu au shehe, mtoto hatoki mpaka nimeisikia sauti ya mzazi kwa simu. Ujumbe wa maandishi siupokei. Mwanzoni wazazi walinuna, hasa akina baba walioona nawadhania vibaya ndugu zao. Sasa wenyewe ndio wananikumbusha kalamu ikipotea.

Daftari lile halikunigharimu hata shilingi elfu kumi. Lakini nililijua baada ya kosa, na mwenye kituo cha mtaa wa pili atalijua baada ya kosa lake, na wa mtaa wa tatu vivyo hivyo. Kwangu mimi hii ndiyo maana ya uthibiti ubora. Anakuja mtu aliyeona vituo hamsini, anaangalia mlango wako, anakuuliza, "Akija mtu usiyemjua unafanyaje?" na unajifunza kabla ya mvua kunyesha.

Mtoto wa dada yangu, ambaye kwangu ni mwanangu, anaishi Uingereza na anafanya kazi katika klabu ya namna hii, ndani ya ukumbi wa shule, kuanzia saa tisa na robo alasiri hadi saa kumi na mbili. Nilipompigia kumsimulia yaliyonipata alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mama mdogo, huku swali hilo linakuwepo kabla hujafungua." Kule, kwa sheria yao ya malezi ya watoto ya mwaka 2006, anayelipwa kulea watoto wa chini ya miaka minane kwa zaidi ya saa mbili kwa siku anatakiwa kujiandikisha Ofsted, chombo kile kile kinachokagua shule. Rekodi za uhalifu za wafanyakazi zinachunguzwa. Lazima awepo anayejua huduma ya kwanza kwa watoto. Mkaguzi akija anakaa anatazama watoto wanavyocheza na wanavyosemeshwa, na taarifa yake inawekwa wazi mzazi yeyote aisome. Halafu juu ya usajili huo zipo njia za hiari za kuthibitisha ubora, ambapo klabu inajipima yenyewe kwa mwaka mzima na kuonyesha ilichobadilisha.

Hawakuanza na haya yote. Mpaka mwaka 2001 ukaguzi ulikuwa wa halmashauri, kila moja na namna yake, ndipo Septemba ya mwaka huo ukawekwa chini ya Ofsted. Na bado wana pengo: kwa watoto wa miaka minane na kuendelea, kujiandikisha ni hiari. Mwanangu mwenyewe analalamikia hilo. Kwa hiyo sisemi tuige kila kitu. Nasema kwamba jambo hili lina njia, na wengine wameshaanza kuipita.

Na sisi si wageni wa neno lenyewe. Chuo cha ufundi hakijivunii cheti bila ithibati ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Vyuo vikuu vina tume yao, TCU. Tumeona umuhimu wa kumlinda kijana wa miaka ishirini asiibiwe ada na chuo cha mfukoni. Wa miaka saba hana hata sauti ya kulalamika.

Ila nina hofu moja, na naomba wahusika waisikie vizuri kwa sababu inatoka kwa mtu wa kazi. Ukaguzi unaweza kuangalia vitu visivyo na mtoto ndani yake. Nimeona shuleni: mkaguzi anakuja, tunapaka chokaa mawe, tunapanga mafaili, anaondoka, tunarudi tulipokuwa. Kituo cha watoto baada ya shule hakipimwi kwa vigae. Kipimwe kwa hali ya mtoto saa kumi jioni.

Mtoto huyo ameamka saa kumi na moja alfajiri. Amekaa kwenye dawati tangu saa moja na nusu. Anapofika kwangu macho yake yamekuwa mazito, shati limetoka nje, hataki kuulizwa amesoma nini. Anataka kula. Baada ya uji wa karanga na ndizi anataka kukimbia, au kulala chini ya mwembe, au kukaa karibu na mtu mzima bila kusema lolote. Nina binti mmoja wa darasa la tatu ambaye kila siku, kwa dakika ishirini hivi, anakaa karibu na mpishi wangu akimsaidia kuchagua mawe kwenye mchele. Hasemi kitu. Akimaliza anainuka anaenda kuruka kamba. Mzazi wake aliniuliza kwa nini muda ule asifanye hesabu. Nilimjibu kwamba zile dakika ishirini ndizo zinazomwezesha kufanya hesabu baadaye.

Vituo vingi vimegeuka shule ya pili kwa sababu mzazi akilipa anataka kuona daftari limejaa. Ninawaelewa, nami naishi kwa ada yao, shilingi 45,000 kwa mwezi kwa mtoto. Lakini mtoto aliyetoka darasani na kuingizwa darasa lingine mpaka giza, na fimbo juu, hajalelewa. Na fimbo hiyo inatoka wapi? Hata shuleni kanuni zinasema ni mwalimu mkuu, au aliyemteua, na viboko visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Msimamizi wa kituo cha jioni si mwalimu mkuu wa mtu. Mimi nilichapa watoto miaka mingi nikiamini ninajenga. Nimekutana na baadhi yao wakiwa watu wazima, na hakuna hata mmoja aliyenikumbusha somo nililomchapia, wananikumbusha fimbo. Kwangu haipo tena, na ithibati ya kweli isitolewe kwa kituo ilipo.

Jambo jingine dogo ambalo si dogo: picha. Kuna vituo vinavyorusha picha za watoto mitandaoni kila siku kama tangazo, sare ya shule inaonekana, jina la mtaa limeandikwa chini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo. Mkaguzi aulize ruhusa ya mzazi iko wapi.

Pendekezo langu ni hili. Wizara ya Maendeleo ya Jamii na ile ya elimu zikae pamoja zikubaliane mlango mmoja. Mimi ningependa awe afisa ustawi wa jamii wa kata, akitembea na mthibiti ubora, na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa iwe jicho la kila siku kwa sababu ndiyo inayosikia majirani wakinong'ona. Hatua ya kwanza iwe usajili wa mambo machache yasiyo na mjadala: watu wazima wanaojulikana, wenye kitambulisho cha taifa cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa na hati ya polisi ya alama za vidole, daftari la kuingia na kutoka, maji, choo, uzio, tangi na shimo vilivyofunikwa, idadi ya watoto inayolingana na walezi, namba 116 ya huduma kwa mtoto imeandikwa mahali ambapo mtoto mwenyewe anaisoma. Ithibati ije baadaye, baada ya mwaka au miwili, kwa kituo kilichoonyesha kwamba kinakua. Na watoto waulizwe. Mkaguzi akikaa na watoto watano kwenye jamvi, mimi nikiwa mbali, atajua kituo changu kuliko kusoma faili langu wiki nzima.

Ada ya usajili iwe ndogo. Hapa naomba sana. Wengi wanaofanya kazi hii ni akina mama wenye chumba kimoja na moyo. Mama wa nyuma ya saluni niliyemtaja ana watoto kumi na mmoja, anawalipisha shilingi elfu moja kwa siku, na wazazi wao ni mama lishe na wabeba mizigo. Mkimtoza laki tano, au mkimwandikia barua ya kufunga kabla ya kumwonyesha la kurekebisha, watoto wale hawatakwenda kituo bora. Watakuwa kwenye korongo nyuma ya soko. Apewe miezi, apewe mafunzo ya huduma ya kwanza, arudiwe kuangaliwa. Pa kufunga siku hiyo hiyo ni palipo na hatari ya wazi: ngazi isiyo na reli ghorofani, mtu mwenye rekodi ya kuumiza watoto, watoto sitini kwenye chumba kimoja na mlango mmoja.

Na matokeo yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, si kwenye kabati la wilaya. Mzazi anayehamia Segerea leo ananipata kwa kusikia tu, "nenda kwa Bibi Mwalimu, ni mtu mzuri." Huenda ni kweli. Ile Alhamisi pia nilikuwa mtu mzuri.

Nimeshaandika barua mbili rasmi na bado nasubiri. Kaunta buku langu la tatu limebakiza kurasa chache, yale mawili yamehifadhiwa, anayetaka kuyasoma atayakuta. Wasaidizi wangu wawili wameshapiga alama za vidole kwa fedha zangu. Mmoja amesomea huduma ya kwanza. Mwingine bado, na hilo liandikwe kama upungufu. Tangi la maji lina mfuniko lakini hauna kufuli, na hilo nalo liandikwe.

Atakayetumwa aje siku ya kawaida, kama saa kumi na nusu hivi jioni, wakiwa wamemaliza uji na wako uwanjani. Asinipigie simu kwanza.

Mwalimu mstaafu,
Segerea, Dar es Salaam